Deni la Wenye Mabomu Halijalipwa

Hivi karibuni, mkutano wa tawi ulipokwisha huko Mbuba, Wilaya ya Ngara, watu walibaki kivulini wakizungumza habari za bei ya kahawa na za barabara. Kijana mmoja akaleta habari aliyoisikia redioni, kwamba mataifa makubwa yanavutana tena juu ya silaha za nyuklia, zile ambazo wazee wetu walizoea kuziita silaha za atomiki. Mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote akamkatiza. "Mwanangu," alisema, "bomu hilo latuhusu nini sisi wa Mbuba? Waliotukimbilia hapa mwaka 1994 hawakukimbia atomiki. Walikimbia mapanga."

Hakuna aliyemjibu papo hapo, wala mwandishi wa makala haya hakumjibu. Swali lile lilikuwa zito, na swali zito halijibiwi kwa haraka kama mtu anayefukuza nzi. Kwa hiyo leo twajaribu kumjibu mzee wetu, pamoja na wananchi wengine wengi ambao hudhani kuwa ubishi juu ya kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia ni ubishi wa wakubwa, nao hawana neno ndani yake.

Kwanza yatupasa kukiri kuwa mzee alisema kweli. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Kambi ya Benaco ikageuka mji kwa usiku mmoja, na wilaya ikajikuta ina wageni wengi kuliko wenyeji. Kuni zikaisha, visima vikakauka, na mwenye shamba la mihogo akaamka na kukuta shamba tupu. Msiba ule haukuletwa na mtambo wa wataalamu. Uliletwa na panga, na rungu, na bunduki ndogo, na maneno ya chuki. Mtu wa Ngara hahitaji kufundishwa na mgeni kwamba binadamu aweza kuangamizwa kwa chombo cha bei rahisi.

Lakini mambo yale yale ya mwaka 1994 yalitufundisha mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba vita havina mpaka, na moto wa jirani huunguza hata nyumba ya asiyegombana na mtu. La pili ni kwamba wenye nguvu za kuzuia msiba waweza kukaa na kutazama tu, ikiwa hakuna sheria inayowabana. Mafunzo hayo mawili ndiyo mzizi wa jambo tunalotaka kulieleza.

MTEGO WA PANYA

Waswahili husema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Bomu la nyuklia ni mtego mkubwa kupita yote iliyopata kutegwa na mwanadamu. Bomu moja liliangushwa juu ya mji wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na jingine juu ya Nagasaki siku tatu baadaye. Kabla mwaka ule haujaisha, watu wapatao laki mbili walikuwa wamekufa katika miji hiyo miwili, wengine kwa moto, wengine kwa kuangukiwa na majumba, wengine kwa maradhi ya mionzi ambayo waganga wa wakati ule hawakujua kuyatibu. Na mabomu yale kwa vipimo vya leo ni madogo. Vichwa vingi vya nyuklia vilivyomo ghalani sasa vina nguvu mara kadhaa kuliko lile la Hiroshima, na vingine mara kumi na zaidi.

Mtu wa Mbuba aweza kusema: Hiroshima ni mbali. Naam, ni mbali. Lakini moshi haujui umbali. Mwezi Agosti 2022 jarida la kisayansi la Nature Food lilichapisha uchunguzi wa wataalamu waliopiga hesabu ya masizi ambayo miji inayoungua ingeyarusha juu sana angani, mahali ambapo mvua haifiki kuyaosha. Jua lingefifia kwa miaka, baridi ingeongezeka, na mavuno yangepungua dunia nzima. Walikadiria kwamba vita vya nyuklia kati ya India na Pakistan peke yake vingeweza kuwaua kwa njaa watu zaidi ya bilioni 2, na vita kati ya Marekani na Urusi watu zaidi ya bilioni 5.

Hayo ni makadirio, wala si unabii. Lakini mkulima wa Ngara anajua maana ya msimu mmoja kuharibika. Anajua maharage yakikosa jua hayakomai, na mgomba ukipigwa na baridi mkungu wake ni mdogo, na kahawa haijali kwamba mwenyewe hakumchokoza mtu. Basi huo ndio mtego wenyewe. Walioutega wako mbali, na watakaonaswa ni sisi sote. Kwa hiyo mwenye haki ya kusema juu ya silaha hizi si yule aliyezitengeneza tu. Kila mwenye tumbo ana haki hiyo.

KURA YETU YA "LA"

Wasomaji wengi hawajui kwamba Tanzania imekuwa na sauti katika ubishi huu tangu zamani, na tena sauti iliyowashangaza wakubwa. Tarehe 12 Juni 1968 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, uliokuwa umejadiliwa Geneva chini ya uongozi wa Marekani na Urusi ya Kisovieti. Nchi 95 zilisema Ndiyo. Nchi 21 hazikusema hili wala lile. Nchi 4 tu zilisema La, nazo ni Albania, Cuba, Zambia na Tanzania.

Mtu asiyejua angedhani kuwa tulikataa kwa sababu tulitaka bomu letu wenyewe. La hasha! Mwaka 1968 ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, na taifa lilikuwa likihimizana juu ya jembe, na shule, na zahanati. Tena Afrika ilikuwa imekwisha kusema neno lake kabla mkataba ule haujaandikwa. Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, katika jangwa la Sahara, tarehe 13 Februari 1960, na hadi mwaka 1966 ilikuwa imefanya majaribio 17 katika ardhi ya Algeria, mengine hata baada ya Algeria kupata uhuru wake mwaka 1962. Waafrika walipiga kelele. Na wakuu wa nchi huru za Afrika, walipokutana Cairo mwezi Julai 1964, walitangaza kuwa bara letu lisiwe na silaha za nyuklia. Basi aliyesema hivyo mwaka 1964 hawezi kuambiwa kwamba mwaka 1968 alitamani bomu.

Sababu ilikuwa nyingine. Mkataba ule uliyagawa mataifa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yaliyokuwa yamelipua bomu kabla ya tarehe 1 Januari 1967, yaani Marekani, Urusi ya Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China. Hayo yaliachiwa mabomu yao. Fungu la pili ni dunia nzima iliyobaki. Hilo lilitakiwa kuapa kwamba halitatengeneza bomu wala kulipokea, na kukubali wakaguzi waingie katika mitambo yake. Nao wenye mabomu walitoa nini? Walitoa ahadi, katika Kifungu cha Sita, kwamba watazungumza kwa nia njema ili kukomesha mashindano ya silaha na kufikia kuziondoa. Hawakutaja mwaka, wala hawakutaja idadi. Asiye nacho alifungwa kwa kamba, na mwenye nacho alifungwa kwa uzi.

Kwa sisi na ndugu zetu wa Zambia kulikuwa na jambo jingine lililoonekana kwa macho. Ng'ambo ya Mto Ruvuma walikuwapo Wareno, wakipigana na wapigania uhuru wa Msumbiji, na Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO, pamoja na wakubwa wenye mabomu. Kusini zaidi walikuwapo Makaburu, ambao tangu mwaka 1965 walikuwa na kinu cha nyuklia kiitwacho SAFARI-1 mahali paitwapo Pelindaba, karibu na Pretoria, kilichojengwa kwa msaada wa Marekani. Nchi iliyozungukwa na majirani wa namna hiyo kuambiwa iweke mikono nyuma, bila dhamana ya kutosha, ni jambo gumu kulikubali.

Historia ilitoa hukumu yake. Tarehe 24 Machi 1993 Rais F. W. de Klerk alikiri mbele ya Bunge la Afrika Kusini kwamba serikali ya Makaburu ilikuwa imetengeneza mabomu sita ya nyuklia kwa siri, kisha ikayavunja. Wale waliotuona wakaidi mwaka 1968 hawakuja kuomba radhi.

KUTOKA "LA" HADI "NDIYO"

Lakini kusema La si kazi ya maisha yote. Tarehe 22 Mei 1984, wakati Marekani na Urusi zilipokuwa zimeelekezeana makombora na mazungumzo yamekwama, Mwalimu Nyerere aliungana na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Andreas Papandreou wa Ugiriki, Miguel de la Madrid wa Mexico na Raúl Alfonsín wa Argentina, wakatoa wito kwa wenye mabomu waache kuyajaribu, waache kuyatengeneza, na waanze kuyapunguza. Mwezi Januari 1985 walirudia wito huo Delhi, na kiti cha India kikakaliwa na Rajiv Gandhi, maana mama yake alikuwa ameuawa Oktoba 1984. Hapo twaona tena jambo lile lile: Tanzania haikudai bomu, ilidai usawa mbele ya sheria.

Mambo ya kusini yalipoanza kubadilika, Tanzania ilijiunga na Mkataba mwezi Mei 1991. Zambia ilijiunga mwezi huo huo. Afrika Kusini ikafuata Julai mwaka ule ule. Na hapa kuna jambo la kukumbukwa na kila mwanafunzi wa siasa: Ufaransa na China, mbili kati ya zile tano zilizoruhusiwa na Mkataba kuwa na mabomu, hazikujiunga mpaka mwaka 1992. Sisi tuliosema La tuliingia kabla yao.

Kisha Afrika ikatengeneza sheria yake yenyewe. Tarehe 11 Aprili 1996, mjini Cairo, nchi za Afrika zilitia sahihi mkataba wa kulifanya bara lote kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Ukaitwa Mkataba wa Pelindaba, kwa jina la mahali pale pale penye kinu cha Makaburu. Tanzania iliuridhia mwaka 1998. Lakini ili mkataba uanze kufanya kazi zilihitajika nchi 28 ziuridhie, na kazi hiyo ilikwenda polepole kwa miaka kumi na mitatu. Nchi ya 28 ilipatikana tarehe 15 Julai 2009. Nchi hiyo ilikuwa Burundi.

Yafaa watu wa Ngara walitafakari neno hilo. Mtu aliyesimama mpakani Kabanga aiona Burundi kwa macho yake. Ni nchi ndogo, maskini, na wakati ule ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu miaka mingi. Hata hivyo ni sahihi yake iliyokamilisha hesabu, na Afrika ikawa na sheria yake ya kukataa bomu. Basi asiseme mtu kuwa wadogo hawana kazi katika jambo hili.

DENI LENYEWE

Sasa tuwatazame wenye mabomu. Haki yao tuwape: wamepunguza. Karibu na mwaka 1986 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia vipatavyo 70,000. Mwanzoni mwa mwaka 2025 taasisi ya SIPRI ya Stockholm ilikadiria vichwa 12,241, na karibu tisa katika kila kumi ni vya Urusi na Marekani. Lakini vilivyobaki vyatosha kuimaliza dunia, tena vinafanywa vipya badala ya kuachwa vizeeke. Mkataba wa mwisho mkubwa kati ya Marekani na Urusi wa kuwekeana kikomo uliongezwa mwaka 2021 hadi Februari 2026 tu, na Urusi ilisimamisha utekelezaji wake mwaka 2023. Tena nje ya Mkataba kuna India, Pakistan na Israel, ambazo hazikutia sahihi kamwe, na Korea Kaskazini, iliyotangaza kujitoa mwaka 2003 na kulipua bomu lake la kwanza mwaka 2006.

Na ile ahadi ya Kifungu cha Sita? Tarehe 8 Julai 1996 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, ilisema majaji wote kwa kauli moja kwamba si wajibu wa kuzungumza tu, bali ni wajibu wa kuzungumza mpaka silaha ziondolewe. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 11 Mei 1995, mataifa yalikubali Mkataba uendelee bila kikomo cha muda. Maana yake wasio na bomu waliapa kwa milele, na wenye bomu wakabaki na ahadi isiyo na tarehe. Mikutano ya kuuangalia upya Mkataba ilifanyika mwaka 2015 na mwaka 2022, na yote miwili ilivunjika bila makubaliano.

Tutoe mfano wa nyumbani. Mtu akikopa debe la mbegu za maharage kwa jirani yake na kusema, "Nitalipa wakati unaofaa," jirani mwema atangoja msimu mmoja. Atangoja na wa pili. Lakini msimu wa hamsini ukipita, na mkopaji ameongeza ghala, tena anakuja kumwonya jirani asikope kwa mtu mwingine, wazee wa kijiji watamwita barazani. Hawatamuuliza kama ana nguvu. Watamuuliza juu ya debe la mbegu.

Ndiyo sababu mwezi Julai 2017, katika Umoja wa Mataifa, nchi 122 zilipiga kura kupitisha mkataba mpya unaozikataza kabisa silaha za nyuklia, kwa mkubwa na kwa mdogo. Tanzania ilitia sahihi mkataba huo mwezi Septemba 2019, nao ukaanza kufanya kazi tarehe 22 Januari 2021. Hakuna hata mmoja wa wenye mabomu aliyeingia. Wamesema mkataba huo ni ndoto. Sisi twakumbuka kuwa uhuru wetu nao uliitwa ndoto.

WANAOSEMA KILA MTU AWE NA LAKE

Wako vijana, hasa mijini, wanaosema kwamba dawa ya udhalimu huu ni kila taifa kuwa na bomu lake. Hutaja Ukraine, ambayo mwaka 1994 ilikubali kuachana na mabomu ya Kisovieti yaliyobaki katika ardhi yake, ikaahidiwa kuheshimiwa mipaka yake, kisha ikanyang'anywa Crimea mwaka 2014 na kuvamiwa mwaka 2022. Hutaja Libya, iliyoacha mipango yake ya silaha mwaka 2003, na mwaka 2011 ikapigwa kwa ndege za NATO. Kisha huonyesha Korea Kaskazini na kusema: yule hakuna aliyemgusa.

Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Waliovunja ahadi zile wameudhuru mkataba huu kuliko maadui zake wote. Walakini dawa ya mwizi si kijiji kizima kuwa wezi. Makaburu walikuwa na mabomu sita. Je, yaliwaokoa? Hawakuweza kuyaangusha Soweto juu ya watoto wa shule, wala hayakuwazuia wafanyakazi kugoma, wala hayakuizuia Afrika kusimama nyuma ya wapigania uhuru. Utawala wao ulianza kutikisika huku mabomu yamo ghalani. India na Pakistan zote mbili zina mabomu, na bado zilipigana Kargil mwaka 1999 na kushambuliana tena Mei 2025, na kila mara dunia ilishika roho mkononi.

Tena kuna hatari ya makosa. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983 mitambo ya Urusi ya Kisovieti ilitoa habari kuwa makombora ya Marekani yanakuja. Ofisa mmoja wa zamu, Stanislav Petrov, alihisi kuwa mtambo umekosea, akatoa taarifa kwa wakubwa wake kuwa ni habari ya uongo. Alikuwa amesema kweli. Dunia ilipona usiku ule kwa busara ya mtu mmoja aliyekuwa zamu. Je, tukiwa na mataifa arobaini yenye mabomu, tutapata akina Petrov arobaini, kila usiku?

Na hapa ndipo tunapomrudia mzee wetu wa Mbuba na mapanga yake. Mzee wetu, umetaja mapanga kama sababu ya kutojali bomu. Sisi twaona kuwa mapanga hayo ndiyo sababu ya kulijali. Wale waliogawa mapanga mwaka 1994, na kuwataja jirani zao redioni ili wauawe, kama wangekuwa na chombo kikubwa zaidi, nani angewazuia wasikitumie? Chuki ilikuwapo na nia ilikuwapo. Kilichopungua ni chombo tu. Hatuombi chombo hicho kiletwe karibu na nchi zetu za Maziwa Makuu, awe nacho adui au awe nacho rafiki.

URANI YETU NA WAJIBU WETU

Lakini anayedai deni yampasa aangalie na mikono yake mwenyewe. Kusini mwa nchi yetu, penye Mto Mkuju, Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma, kuna akiba kubwa ya urani. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali kipande cha ardhi kitolewe katika mipaka ya Pori la Selous kwa ajili ya mgodi. Mwaka 2013 ilitolewa leseni maalumu ya uchimbaji kwa kampuni ya Mantra Tanzania, iliyo chini ya Rosatom, shirika la dola la Urusi. Na mwezi Julai 2025 mtambo wa majaribio ulizinduliwa.

Hatupingi mgodi. Taifa lina haki ya kutumia mali yake, na watu wa Ngara, waliongoja nikeli ya Kabanga kwa miaka mingi, wanajua uchungu wa kuwa na mali chini ya miguu na njaa juu ya meza. Tena urani nyingi duniani huendesha vinu vya umeme. Lakini yatupasa kujua kinachotoka mikononi mwetu. Katika urani itokayo ardhini, ile sehemu inayopasuka na kutoa nguvu haifiki hata moja katika mia. Ikirutubishwa kufikia sehemu tatu hadi tano katika mia, huendesha kinu cha umeme. Ikiendelezwa kwa njia ile ile kufikia tisini, hutengeneza bomu. Njia ni moja. Kinachotofautiana ni nia ya mwenye kuishika, na jicho la mkaguzi.

Jirani yetu Kongo alijifunza hilo kwa gharama. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, chini ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mchimbaji Mwafrika hakuambiwa anachimba nini wala kitakwenda kumwua nani. Alipata ujira mdogo na vumbi kifuani, na watu wa Hiroshima wakapata moto. Hatutaki historia iandike jina la Mkuju karibu na lile la Shinkolobwe.

Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu tangu mwaka 1976. Tunayo Tume yetu ya Nguvu za Atomu, yenye makao yake Arusha. Tulikubali ukaguzi mpana zaidi wa shirika hilo mwaka 2005, na Dar es Salaam kuna kituo cha kunasa chembe za mionzi hewani, kimoja katika mtandao wa dunia wa kuwagundua wanaolipua mabomu kwa siri. Hayo ni mema. Lakini ukaguzi huo, ambao sisi twaukubali kwa lazima, mataifa matano makubwa huupokea kwa hiari na kwa mitambo waliyoichagua wenyewe. Kwa hiyo twasema waziwazi: kila mkataba wa kuuza urani yetu, awe mnunuzi wa Mashariki au wa Magharibi, useme kwa maandishi kwamba ni kwa kazi za amani tu, na uonyeshe jinsi jambo hilo litakavyokaguliwa hata ikiwa mnunuzi ni mmoja wa hao watano. Bunge na lione masharti hayo. Wananchi na wayajue. Hatuwezi kudai deni Geneva huku tukimwuzia mdaiwa kuni za moto ule ule.

Wala asidhani mtu kuwa tunalaani atomi yenyewe. Watu wa Biharamulo wanamjua mbung'o. Wazee wao walihamishwa enzi za ukoloni kwa sababu ya malale, na ng'ombe wengi wamekufa kwa nagana. Basi kule Unguja, katika miaka ya 1990, wataalamu wetu pamoja na Shirika la Nguvu za Atomu waliwalea mbung'o madume Tanga, wakawatia mionzi wasiweze kuzaa, wakawarusha kwa ndege kila wiki juu ya kisiwa. Majike walipandwa na madume yasiyozalisha, na kizazi kikakoma. Mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Mionzi hiyo hiyo hutibu saratani katika Hospitali ya Ocean Road. Mkataba uliahidi kwamba wanaokataa bomu watasaidiwa kupata kheri hii. Hilo nalo ni sehemu ya deni.

Basi, mzee wetu, jibu letu ndilo hili. Bomu lile lakuhusu kwa sababu moshi wake utafika juu ya mgomba wako bila kubisha hodi. Lakuhusu kwa sababu nchi yako ilisema La ulipokuwa kijana, ikasema Ndiyo ulipokuwa mtu mzima, na mara zote mbili ilitaka neno moja: sheria imbane mwenye nguvu kama inavyombana mnyonge. Na lakuhusu kwa sababu sasa urani imo ardhini mwako, na siku moja mjukuu wako ataulizwa ilikwenda wapi.

Sisi tulitoa ahadi yetu, na tumeitimiza. Wenye mabomu nao walitoa yao. Tusichoke kuwakumbusha, barazani kwetu na barazani kwao, kwamba dawa ya deni ni kulipa.